Radhi za Hatibu

Usingizi unamchukua Mwanamkasi baada ya swala ya alasiri, amelala chali kitandani, simu iko kifuani, na kabla hajazama sawasawa vidole vyake vimekwisha kuufungua mchezo. Alikuwa hajaufungua tangu mumewe afe. Ni mchezo wa shamba, gemu la watoto, aliwekewa na mpwa wake Nasra siku zile Hatibu alipopigwa na kiharusi, na Nasra akamwambia, shangazi, ukichoka na uuguzi ingia humu upumue. Akaingia, akapumua. Humo ndani kuna kibanda chenye bati la buluu, kuna mto, kuna kuku wasiojua kideri wala maradhi mengine, na kuna matuta ya maboga yanayoota ukiyamwagilia na kunyauka usipoyamwagilia, basi, hakuna jingine. Hakuna kumgeuza mtu mzima kitandani ili mgongo usiote vidonda, hakuna kufua mashuka kila kukicha, hakuna kumlisha mtu uji kwa kijiko na uji ukarudi pembeni mwa mdomo. Wanakijiji wa humo hawana nyuso, maana simu ya Mkasi ni kuukuu na haina nguvu ya kuzichora, kwa hiyo kila jirani ni kofia au kilemba juu ya kitu cheupe. Mkasi hakujali. Nyuso alikuwa nazo tele, zilizokuja kumtazama mgonjwa, zikampa pole, zikanywa chai, zikamwachia vikombe vya kuosha.

Sasa yuko eda. Amevaa nyeupe, hajipaki wanja wala hajifukizi udi, hatoki nje ya mlango, na wifi yake Sauda, dada wa marehemu, amehamia kukaa naye, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usiojua kupumzika. Sauda anadhani wifi yake analia kwa ujane, na kweli analia kwa ujane, lakini kuna kitu kingine kinachomla ambacho hajamwambia mtu. Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, wanawake walimuuliza kama ilivyo ada, Mkasi, umemridhia mumeo? Akasema nimemridhia, na alisema kweli tupu. Jeneza likanyanyuliwa likaenda zake, na hakuna aliyeinama kumuuliza maiti, nawe Hatibu, umemridhia mkeo? Ada haina swali hilo. Na tangu utotoni wamemfundisha kwamba mke anahangaikia radhi za mumewe mpaka mwisho, lakini hawakumfundisha azitafute wapi mume akishatangulia. Maana Hatibu alikuwa dalali wa mnadani, sauti yake ikiuza makabati ilisikika mpaka sokoni, na kiharusi kilipoichukua ile sauti akabaki na kijiko, akitaka kitu anagonga chuma cha kitanda, ko, ko. Alasiri ile ya mwisho aligonga, na Mkasi alikuwa uani, kwenye kigoda, anavuna maboga ya ndani ya simu. Akasema, nakuja baba, subiri kidogo. Akagonga tena. Akasema, nakuja. Kisha kukawa kimya, naye akafurahi kuwa mgonjwa amepata usingizi. Alipoingia chumbani, kijiko kilikuwa sakafuni. Alitaka nini Hatibu? Na je, alikwenda na kinyongo? Hayo mawili anayalalia na kuyaamkia, na leo amelala nayo tena.

Basi kioo cha simu kinapanuka. Kwanza kinamfika mabegani, kisha kinajaza chumba, kisha hakina kingo tena, na Mkasi amesimama mbele ya lango la miti la shamba lake, amevaa nguo zake nyeupe za eda, miguu mitupu, na komeo li baridi mkononi. Bawabu aliyeketi langoni ni kofia juu ya weupe. Anauliza, mwenye eda, unakwenda wapi? Mkasi anashtuka, maana swali ni la haki. Anasema, sijatoka mie, nimelala ndani kwangu, muulize Sauda. Bawabu anasema, nani huyo anayetoka na huku hajatoka? Mkasi anasema, si ndiyo mie, kwani unamwona mwingine? Kofia inatikisika, labda inacheka, na lango linafunguka lenyewe. Mkasi anajiambia kwamba akiamka atamwomba Sauda amuulizie shekhe kama ndoto inavunja eda, halafu anajiambia kwamba hatamwomba, maana Sauda akilijua jambo leo, mtaa mzima umeshalijua kabla ya kuadhiniwa magharibi.

Shamba limekauka. Hakuna aliyelimwagilia tangu siku ile, matuta yamepasuka, maboga yamelala ubavu yamesinyaa, na yale ambayo alikuwa hajayavuna bado yana alama ya njano juu yake, ile alama inayosema nichume mimi sasa hivi. Anayatazama moja moja. Haya ndiyo aliyoyatanguliza mbele ya mumewe. Ndoo ya kumwagilia iko pale pale, mkono wake unaifuata kwa mazoea, anaurudisha. Leo hakuja kulima. Anasimama katikati ya matuta na kuita, Hatibu! Sauti inakwenda mpaka mtoni na haina kinachoirudisha. Kisha, mbali sana, upande ambao mchezo haukuwahi kuwa na kitu, anasikia, ko, ko. Anajibu kabla hajafikiri, nakuja baba, na akijisikia anavyolitamka neno lile lile anaufunika mdomo kwa mkono na kuanza kukimbia.

Njia inapita kibanda cha bati la buluu, mbilimbi uliozaa, kuku mweupe anayedonoa, kisha inapinda, na baada ya kupinda inapita kibanda cha bati la buluu, mbilimbi uliozaa, kuku mweupe anayedonoa. Mkasi anakimbia, njia inapinda, kibanda, mbilimbi, kuku. Anageuka arudi alikotoka, na alikotoka ndiko anakokwenda, kuku yule yule anainua kichwa na kumtazama kama mtu aliyezoea kuona watu wakihangaika. Ko, ko, inasikika mbele. Akienda mbele inasikika nyuma. Kwenye kona, chini ya mwavuli wa makuti, yupo mwuza mbegu, ambaye kila siku ya mchezo Mkasi alinunua mbegu kwake bila kumsalimia, na leo kwa aibu anamwamkia shikamoo. Kilemba kinaitika, marahaba mwanangu, mbegu gani leo? Mkasi anasema, sitaki mbegu, mama yangu, namtafuta mume wangu, hatembei, hasemi, anagonga tu, njia ya kwenda kwake ni ipi? Mwuza mbegu anasema, nikuulize nawe uniambie, kitu gani ukikikimbilia kinakukimbia, ukikikalia kinakuja? Mkasi anasema kwa haraka, usingizi. Kilemba kinasema, hicho ni kimoja, kipo na cha pili. Mkasi anasema, sina nafasi ya kutegana vitendawili, mama, nimechelewa. Mwuza mbegu anasema, umechelewa zamani, hivyo huna tena haraka yoyote. Neno lile linamwingia Mkasi na kumkata maini, anakaa pale pale vumbini na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya msiba kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na kila mtu alitaka kujua sufuria kubwa liko wapi. Analia mpaka anachoka. Na anapofuta macho, njia iliyokuwa inazunguka imetulia, na mbele ya miguu yake kuna bwawa.

Ndani ya bwawa kuna mji. Ni Ngamiani, mtaa wao, paa zimeelekea chini, watu wanatembea kichwa chini miguu juu wala hawaanguki, na Mkasi anaingiza mguu mmoja kupima kina, hapati maji, anapata barabara. Anaingiza wa pili. Sasa amesimama mtaani kwao na bwawa ndilo mbingu. Kila kitu kipo na kila kitu kimehama upande. Duka la Mpemba liko mkono wa kulia badala ya kushoto, adhana inatoka msikiti uliohamia ng'ambo ya barabara, mlango wa nyumba yao unafungukia nje. Na nje, pale ambapo siku ya msiba walikaa wanaume, wamekaa wanawake, wote weupe watupu chini ya kanga zao, na katikati yao kuna jeneza limefunikwa shuka la kijani. Mkasi anamuuliza aliye karibu, nani amekufa, jamani? Anajibiwa, aliyekuja kuuliza. Analitazama jeneza na kuona limepimwa kwa kimo chake. Haogopi. Ukweli ni kwamba anaona afadhali, mwili unalegea kama umetuliwa mzigo, na anafikiri, basi ndiyo huku, nimefika, nitaulizia yangu.

Anapita kati yao, anaingia ndani, na chumbani kwao, juu ya mkeka, kwenye pembe ile ile ambayo yeye amekaa siku zote hizi, yupo Hatibu amekaa eda. Amevaa nyeupe. Na ana uso. Katika nchi nzima hii ni yeye peke yake mwenye uso, ndevu hazijachongwa, kovu la kwenye paji lipo, mdomo umepinda, ila umepinda kushoto, maana huku kila kitu kimehama. Mkasi anataka kumrukia na hawezi kusogea. Wanawake wasio na nyuso wanaingia nyuma yake wanajaa chumba, na mmoja wao anainama mbele ya Hatibu na kuuliza kwa sauti ya ada, taratibu, kila mtu asikie. Hatibu, umemridhia mkeo? Hatibu anafungua mdomo. Mkasi anamwona ulimi unavyohangaika, anaijua kazi ile, ameitazama mwaka mzima, ulimi unalisukuma neno nalo linarudi. Wanangoja. Mtu mmoja anasema, masikini, hawezi, dada yake amjibie. Na sauti inayofanana sana na ya Sauda inasema kutoka nyuma, mie namjibia kakangu, amem... Mkasi anapiga kelele, asijibiwe! Mwacheni ajibu mwenyewe, hata kama atakataa, mwacheni! Kelele yake inawarudisha nyuma wote. Hatibu anafumba mdomo. Anainua mkono wake mzima, hana kijiko, anakunja ngumi, anagonga sakafu. Ko, ko.

Wanaanza kubishana. Mmoja anasema huyo amekubali. Mwingine anasema amekataa, aliyekubali hugonga mara moja. Mwingine anasema mnamchosha, mgonjwa anataka maji. Mkasi amesimama katikati ya mabishano hayo na hasikii tena, maana anaisikiliza ile hodi. Anazijua hodi zote za mumewe. Ya maji ni ya haraka haraka. Ya kugeuzwa ni nzito. Ya haja ni ya aibu, kijiko kinagusa chuma kwa mbali. Hii si mojawapo ya hizo. Hii ni ya polepole, haina shida ndani yake, na ndiyo hii hasa aliyoisikia alasiri ile akiwa uani. Aliijua hata siku ile kwamba si ya shida. Ndiyo maana hakuharakisha! Kumbe hakuwa mtu mbaya aliyeacha mgonjwa afe na kiu, kumbe sikio lake lilifanya kazi. Lakini kama si maji, na si haja, na si kugeuzwa, alikuwa anaita cha nini?

Anapiga magoti mbele yake. Swali la radhi aliloling'ang'ania njia nzima analiweka kando, anauliza lile ambalo angeliuliza siku ile kama angeinuka kwenye kigoda. Unataka nini, baba? Hatibu anamtazama. Halafu anajivuta, kwa mkono mmoja, kwa tabu, nyonga kwanza kisha mguu uliokufa, anajisogeza kwenye ukingo wa mkeka mpaka kando yake panapatikana nafasi ya mtu. Basi. Hana kingine. Mkasi anaitazama ile nafasi na inamchukua muda kuielewa, na akishaielewa anatamani asingeielewa. Hakutaka kitu. Alitaka aje wakae. Ingekuwa maji angejitetea kwamba alikuwa amemnywesha muda si mrefu, ingekuwa dawa angesema dawa isingemponya, lakini kukaa, kukaa tu, hata mtu maskini kuliko wote hakosi kuwa nako. Anakaa. Bega linagusa bega, na harufu ni ile ile, ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akimsugulia miguu.

Hatibu anaigusa simu iliyo mkononi mwa Mkasi, ambayo Mkasi hata hakumbuki kuwa amekuja nayo. Na anasema. Ulimi ni mzito, ila maneno ni mazima. Unakwendaga wapi, Mkasi? Kila siku nakusikia uani unacheka peke yako, naona raha kweli, nami nataka kuona. Nionyeshe. Mkasi anaifungua, na wanainama pamoja juu ya kioo, vichwa vinagusana, na anamwonyesha. Hiki ndicho kibanda. Hawa kuku wangu. Huu mto, una samaki lakini sijui kuvua. Haya yalikuwa maboga. Hatibu anauliza, mbona yamekauka? Anasema, sikuja tena. Hatibu anasema, sasa si uyamwagilie, unamsubiri nani? Anayamwagilia. Yananyanyuka moja moja, yanajaa, yanageuka ya njano, na yule dalali wa mnadani, aliyenyamaza mwaka mzima, anakohoa, anakaza shingo, anaanza. Haya haya, maboga ya Bi Mkasi, maboga ya bwerere, boga halijaona jua kali wala mdudu, nani anaongeza, we mwenye kofia huna uso lakini mfuko si unao, ongeza! Sauti inajaa chumba, inatoka nje, inafika sokoni. Mkasi anacheka. Anacheka mpaka machozi, anajishika mbavu, na wasio na nyuso nao wanacheka huko nje, na anawasikia wananyanyuka, wanalibeba lile jeneza, jepesi, wanaondoka nalo bila kumngoja mtu. Hapo anakumbuka. Hajauliza. Swali liko mdomoni, amelibeba kutoka dunia moja mpaka nyingine, aliye nalo jibu yuko kando yake na sauti yake imerudi, na yeye halitoi. Akiuliza atajibiwa, na akishajibiwa shughuli yake huku itakuwa imekwisha na itabidi ainuke. Kwa hiyo hasemi. Anageuza simu kidogo ili Hatibu aone vizuri zaidi, anamwambia, na huku nyuma ya kibanda hujaona bado.

Wifi. Wifi, amka. Wewe Mkasi, nani amekufundisha kulala alasiri yote hii, unataka wazimu? Sauda amesimama mlangoni na sahani ya muhogo wa nazi, na nje magharibi inaadhiniwa, msikiti uko upande upi Mkasi hana hakika. Sauda anasema, ulikuwa unacheka, nimekusikia toka jikoni, nikasema haya, mwenye eda anacheka, unamcheka nani? Mkasi anautazama uso wake. Macho yapo, mdomo upo, na pua ipo, pua ile ile ya kaka yake, lakini hilo si ushahidi kwamba ameamka, maana hata kule Hatibu alikuwa na uso. Simu imezimika, imeisha chaji. Anasema polepole, nilikuwa na Hatibu. Sauda analegeza mabega. Ah, wifi yangu. Akasemaje? Mkasi anasema, siku ile aligonga nami sikwenda, wifi, nilikuwa nacheza. Sauda anaishika sahani kwa mikono miwili. Mkasi anasema, nilikwenda kumtaka radhi. Sauda anauliza kwa sauti ndogo ambayo Mkasi hajawahi kuisikia kwake, amekuridhia? Sikumuuliza, anasema Mkasi, na sasa analia, alinisogezea nikakaa.

Sauda anakuja kitandani. Mkasi amelala ukingoni kabisa, mgongo umegusana na ukuta, na sehemu iliyobaki ya kitanda iko wazi, shuka limebonyea, na ndipo Sauda anapotaka kukaa amkumbatie. Mkasi ananyoosha mkono kumzuia. Usikae hapo, wifi, anasema. Sauda anaitazama ile nafasi, kisha anamtazama yeye, kisha anaitazama tena. Anaiweka sahani chini, anakaa kwenye mkeka, na hamuulizi kwa nini.